Tukihesabu Wenye Kifafa, Tuulizeje?

Kila ninaposikia serikali inapanga utafiti wa kujua ni watu wangapi wana kifafa, hufurahi kwa dhati. Kisha hutamani kuliona dodoso.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Daftari la hospitali haliwezi kutuonyesha wote hao, maana huandikwa humo aliyefika tu. Katika nchi maskini, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayohitaji. Kwa hiyo hakuna njia ila kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Na pale mlangoni ndipo kazi inapoharibika. Uliza, "Humu kuna mwenye kifafa?" utajibiwa hapana, na binti yupo chumba cha ndani. Wapo wanaoamini bado kwamba ni laana, ni mapepo, au kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Mzazi anayewazia ndoa ya mwanawe hatamtaja mbele ya mgeni mwenye karatasi. Afadhali kuuliza dalili: kuna anayeanguka ghafla akakakamaa? Anayejing'ata ulimi? Na yule mtoto anayekazia macho hewani sekunde chache, haitiki akiitwa, kisha anaendelea kuandika, naye aulizwe. Huyo darasani huitwa mzembe, na huniuma sana. Baada ya hapo mtaalamu awapime, kwani si kila aangukaye ana kifafa. Degedege la homa kwa mtoto mdogo ni jambo jingine.

Kuhusu huduma, swali la "unatumia dawa?" halinitoshi hata kidogo. Fenobabitali inatibu kifafa tangu 1912 na bei yake ni ndogo, na WHO inasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Ila dawa hizi hazitaki kukatizwa. Anayeziacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa kisichokoma, na kikamuua. Basi mtafiti aombe kuiona pakiti yenyewe. Aulize ilipatikana lini, mara ngapi mgonjwa alifika zahanati akaambiwa zimekwisha, na siku hizo alifanya nini.

Kuna jambo moja zaidi linalonisumbua. Utafiti wa namna hii huhesabu walio hai. Aliyeangukia motoni hayumo, wala aliyezama akiteka maji. Mahali ambapo wagonjwa hufa mapema, idadi itatoka ndogo, na kiongozi ataisoma kama habari njema. Ndiyo maana ningeongeza swali hili kwenye kila dodoso, hata kama linachelewesha kazi: katika miaka hii ya karibuni, nyumba hii imemzika mtu aliyekuwa akianguka?