Kampasi mikoani: nani anaingia, nani anapangisha

Ukifika Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, huna haja ya kuuliza kama chuo kimefungwa. Vibanda vya chipsi vimefunikwa turubai, steshenari zina kufuli, na mwenye nyumba anapunguza kodi ambayo miezi michache nyuma hakutaka hata kuijadili. Siku bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, pilikapilika zinarudi. Chuo kilianza mwaka 2007. Kijiji cha wakulima kimegeuka mtaa wa vyumba vya kupanga.

Hesabu kama hiyo ndiyo inayofanya mikoa igombee kampasi. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, umekuja na ujenzi wa kampasi mpya pembezoni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Lindi na Kagera, Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kinakwenda Kigoma. Wanaoutetea wana hoja. Mshahara wa mhadhiri unatumika sokoni pale pale, na daktari aliyesomea Kigoma ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki Kigoma kuliko yule aliyezoea Upanga, Dar es Salaam, iliko Muhimbili.

Lakini kujenga kampasi ni jambo moja, na mtoto wa pale kuingia ni jambo jingine. Maombi ya udahili ni ya nchi nzima. Kampasi ya Kigoma inaweza kujaa vijana wa Moshi na Dar es Salaam, na hilo si kosa, nchi ni moja. Ila tusimwambie mzazi wa Kasulu kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili ya mwanawe. Kwa mwanawe mlango ulifungwa zamani, kidato cha pili, alipokosa mwalimu wa fizikia. Akipenya hapo anakutana na mkopo. Pesa ya kujikimu ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Toa chakula, toa kodi ya Ng'ong'ona, uone kinachobaki. Na aliyekosa mkopo hata hiyo hesabu haimhusu.

Nia njema nayo imewahi kubana njia. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, ili wafanyakazi nao wapate nafasi. Wasichana wakapungua, maana katikati hapo wengi waliolewa, hadi masharti yakalegezwa kwao. Kenya nao walitawanya kampasi kwa kasi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Kisii kikaamriwa kufunga nyingi ya kampasi zake.

Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, hakikuhitaji mabweni. Nesi wa Liwale anasoma huku akiingia zamu, mshahara wake unabaki Liwale. Tatizo ni kwamba anasoma peke yake usiku, bando likiisha anasubiri, na shahada ya miaka mitatu inaweza kumla sita. Hata hivyo, kwa kupanua nafasi, mimi ningeanzia hapo kabla ya kumwaga zege.

Kampasi za mikoani sizipingi. Ninachouliza ni zitafanya nini zaidi ya kupangisha vyumba. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro wameishi na mradi wa APOPO tangu mwaka 2000, panya wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Watu wa mji ule wamepata ajira humo, na kazi hiyo haina likizo. Lindi ina korosho na ufuta. Mkulima ambaye ufuta wake umekataliwa ghalani kwa kuwa na unyevu au takataka angependa kujua aukaushe vipi, auchekeche na nini. Hana cheti cha kidato cha nne. Kama getini atapokelewa na mtu wa kumjibu, au ataambiwa na mlinzi asubiri siku ya maonesho, hilo halimo kwenye ramani za majengo niliyoyaona yakisifiwa.