Nimekusafishia, Bosi

Siku ya nne leo neno hilo haliniachi. "Nimekusafishia, bosi." Kijana alilisema kwa furaha ya kweli, mkono mmoja umeshika grainda, wa pili unaninyooshea kile kipande cha bati kinachong'aa kama sinia la harusi. Nilisimama pale juani nikakosa la kumjibu.

Jumamosi nilikwenda Ngamiani, hapa Tanga, kutafuta rimu ya baiskeli ya mwanangu. Kwa wauza skrepa, juu ya rundo la sufuria zilizotoboka na mapangaboi yaliyovunjika, nikaliona bati la alumini lililopinda kidogo, lenye mistari miwili ya ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, iliyonyooka kama uzi. Vichwa vya ribiti vilikuwa vimezama sawasawa na bati, ukipitisha kiganja huvisikii. Bodi ya basi haitengenezwi hivyo. Rangi ya juu ilikuwa kijivu, palipochubuka ikatokea ya kijani, na chini kabisa praima, rangi ya kwanza ya kukinga bati, ile ya manjano inayoelekea ukijani. Pembeni palikuwa na namba nyeusi, tarakimu tatu, ya nne imekatwa na msumeno. Katikati pana kiraka cha ukubwa wa kiganja, ribiti zake zina vichwa vya mviringo vilivyochomoza, tofauti na zile nyingine zote. Ngozi ya ndege. Imetoka wapi? Kijana alisema imekuja na mzigo kutoka Dar, basi.

Mfukoni sikuwa na hela ya kutosha. Nikamwomba aniwekee, nikachukua bodaboda hadi nyumbani, nikarudi. Haikufika saa nzima. Nilipofika grainda ilikuwa bado ina joto.

Simlaumu kijana. Kwake alumini yenye rangi ni alumini chafu, na anayekwenda kuyeyusha sufuria hataki uchafu. Alitaka kunipendeza mteja wake. Lawama zangu ni kwa wanaojua, au wanaopaswa kujua, na bado wanaifanyia ndege nzima kile alichokifanya huyu mtoto kwa kipande kimoja.

Miaka kadhaa nyuma nilisafiri mbali kwenda kuona ndege ya kivita iliyowekwa nje kwa maonyesho. Mahali penyewe sitapataja. Nilikuta ndege imepakwa rangi ya mafuta kama geti la shule, rola imepitishwa hadi juu ya vioo, alama za kikosi zimechorwa upya kwa kukisia. Chini ya bawa, pale maji ya mvua yanapotulia, rangi ilikuwa imevimba mapovu. Nikabonyeza povu moja kwa ukucha, ukamwagika unga mweupe. Huo unga ndiyo alumini yenyewe, imekwisha kuliwa.

Sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Alumini ya ndege si ya sufuria, imechanganywa na shaba ili iwe ngumu, na shaba hiyohiyo ndiyo inayoifanya idhoofike mbele ya chumvi. Weka boliti ya chuma cha pua juu yake, pitisha upepo wa bahari, chumvi ikishika unyevu bati linaanza kulika kuzunguka boliti. Ubaya zaidi uko katikati ya mabati mawili yaliyopandana, ambako jicho halifiki. Bati linachanuka kurasa kwa kurasa kama kitabu kilicholoa. Ukija na kopo la rangi ukapaka juu, umeifungia chumvi ndani. Nendeni mkaangalie nyumba zetu za zamani za mawe na chokaa, hapa Tanga, Pangani, hata Bagamoyo, zile zilizopigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta kwa nia njema. Ukuta ulizoea kupumua, ukazibwa pumzi, sasa unadondoka vipande vipande. Ndege ina kosa gani mpaka itendewe hivyohivyo?

Wako waliochagua njia nyingine. Makumbusho ya Smithsonian, Marekani, wana ndege ya mabomu aina ya B-26 iitwayo Flak-Bait, iliyoruka zaidi ya mara 200 vitani Ulaya na kurudi imetobolewa kama chujio. Haikupakwa upya. Wahifadhi wamehangaika kuishika rangi ileile ya vitani isibanduke, viraka vyake vyote vikiwa mahali pake. Uingereza wana ndege ya mabomu aina ya Halifax waliyoitoa mwaka 1973 kwenye ziwa la Hoklingen, Norway, na sehemu kubwa wameiacha kama ilivyotoka majini. Mwaka 2013 wakaopoa ndege ya Kijerumani aina ya Dornier baharini, na kabla ya jambo lolote lile wakaanza kuinyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, asidi hiyohiyo ya limau, kuisafisha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Walioifanya kazi hiyo hawakuwa na haraka ya kung'arisha.

Nakubali, ingawa shingo upande, kwamba ndege inayorushwa ni habari nyingine. Huwezi kumpandisha rubani juu ya bati la mwaka 1943 eti kwa sababu lina historia. Na ndege isiyo na paa lazima ipakwe kitu. Lakini piga picha kwanza, pima, nakili kila namba, acha sehemu moja bila kuigusa. Wanaosema hakuna fedha, waanze na paa la mabati na maji baridi yasiyo na chumvi. Wanaosema vyombo vya vita visionyeshwe kwa watoto, watoto hao wanapita kila siku karibu na makaburi ya waliokufa vitani hapa Tanga Novemba 1914.

Kinachoniuma ni kwamba pwani hii imeshapoteza vya kutosha. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga ya meli zao Severn na Mersey mpaka Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ikaishia Rufiji tarehe 11 Julai. Zilikuwa ndege za kitambaa, zikiteswa na joto letu na unyevu wetu. Mzinga mmoja wa ile meli uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuushika. Ndege zile huwezi kushika hata kipande. Halafu zikaja za kwetu wenyewe, za vita vya Kagera, na mafundi waliozihudumia sasa wanatembelea mkongojo.

Mmoja wao anakaa Chumbageni. Jioni ileile nikampelekea bati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Akavaa miwani. Aliangalia upande uliong'arishwa kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza taratibu, "Nani kaikwangua hivi?" Hakungoja jibu. Akaligeuza. Upande wa ndani grainda haikufika, praima ilikuwa ipo yote. Akapitisha kidole gumba juu ya mikia ya ribiti za kile kiraka. Akanieleza kwamba ribiti hupigwa na watu wawili, mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani amekaza kipande cha chuma. "Hizi nne wamepiga vizuri. Hizi mbili zimelala upande. Aliyekuwa ndani mkono ulikuwa umechoka, au ilikuwa usiku."

Ndege gani, baba? Akatikisa kichwa. Ile namba ndiyo ingesema. Nakumbuka saba na nne, ya tatu sina hakika, na simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu muda wote nikiliangalia lile bati.

Nikachukua penseli niandike tarehe upande wa nyuma. Mzee akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Penseli hapana! Penseli inakula alumini."

Kumbe risasi ya penseli ikikutana na unyevu inaila alumini kwa kufuata mstari uleule ulioandika, na bati la ndege linaweza kupasuka kwenye mstari huo. Siku ya kwanza ya mafunzo, alisema, walinyang'anywa penseli zote. Miaka yote ninayosoma habari za ndege sikuwahi kuliona hilo kwenye kibao chochote cha maonyesho.

Akaagiza beseni la maji ya bomba na kitambaa cha pamba. Tuliliosha pamoja barazani, upande wa ndani kwa kudondoshea tu, bila kusugua, tukalikausha, akalifunga kwenye kanga ya marehemu mkewe na kuliweka chumba cha nyuma, mbali na dirisha la baharini. Jumamosi baada ya alasiri nitarudi kumrekodi. Ameniagiza nilete kalamu ya nta.