Choo cha Boti Kipanuliwe, Chumba Kibaki Kilivyo

Mwenye boti ya tanga akipata fedha kidogo, mawazo yake huenda kwanza kwenye tanga jipya, injini au redio, na choo hukumbukwa mwisho, pengine hata baada ya rangi. Mimi naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa chombo kinachobeba familia na wageni kati ya Mikindani, Msimbati na Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania, kukiondoa kile choo kidogo cha pampu ya mkono na kuweka chenye bakuli pana na kiti kinachomtosha mtu mzima kuna faida kuliko karibu kila kitu kingine utakachokinunua, ukiacha vile vinavyookoa maisha.

Jambo la kwanza ni maji ya kunywa. Abiria asiyekiamini choo hanywi maji. Nimewaona kina mama wakisukuma pembeni chupa ya maji na hata dafu tangu alfajiri, kwa sababu walipopanda walikitupia jicho kile kibakuli kilichobanwa pembeni wakaamua kimya kimya kwamba watavumilia hadi nchi kavu. Kufikia adhuhuri kichwa kinawagonga na kichefuchefu kimewapanda, naye nahodha anayasingizia mawimbi. Wazee wenye magoti mabovu nao hukaa vivyo hivyo, kwa kuwa kiti kilicho chini sana humfanya mtu ashindwe kuinuka bila kuvutwa mkono, na hakuna mzee anayetaka kuvutwa mkono chooni. Katika majahazi makubwa ya zamani choo kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, chini kikiwa wazi kuelekea baharini. Hakikuwa na staha kubwa, lakini walau mtu alipata nafasi ya kuchuchumaa.

Jambo la pili halizungumzwi sana, nalo ni kustanji, yaani kujisafisha kwa maji baada ya haja. Vyoo vidogo vya boti hutengenezwa kwa kuwafikiria watu wanaotumia karatasi. Ukishakaa, tundu lote limejaa mtu, na mkono wenye maji hauna pa kupita mbele wala nyuma, kwa hiyo mtu huinuka nusu, akiwa ameshika kopo kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, huku chombo kinayumba. Sentimita chache za ziada kwenye bakuli humaliza adha hiyo. Isitoshe, desturi yetu ya maji inakifaa choo cha boti kuliko karatasi, kwa kuwa kinachoziba valvu za mpira, vile vilango vidogo vinavyozuia maji kurudi nyuma, na mabomba yake membamba mara nyingi ni karatasi na vitu visivyopaswa kutupwa chooni. Mpira mfupi wenye kichwa cha kubonyeza, ukiunganishwa na tangi la maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi), unakamilisha kazi, mradi sakafu iwe na mahali pa kutolea maji.

Hata hivyo, naposema choo kikubwa sizungumzii chumba kikubwa. Wapo wanaovunja ukuta wa kabati ili wapate msala wa kujinyoosha kama wa nyumbani, na hapo ndipo tunapoachana. Chombo kikilala kwa upepo, ukuta ulio karibu na bega ndio unaokushikilia. Katika chumba cha upana wa takriban sentimita 60 mtu anajikita kwa mabega na magoti, lakini akiongezewa nafasi ya kutosha kuanguka, ataanguka. Fedha iliyotengwa kwa ukuta iwekwe kwenye mpini imara wa kushika na kwenye kijukwaa kinachokiinua kiti kikaribie sentimita 40 kutoka sakafuni, kimo kilichozoeleka majumbani, ilimradi nyayo za mwenye kukaa bado zigote sakafuni.

Kazi yenyewe haitishi. Katika aina nyingi za choo cha pampu ya mkono, pampu na kitako chake hubaki vilevile, likabadilika bakuli na kiti tu. Kabla ya kuagiza, kata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo vya bakuli jipya, liweke mahali pake, kisha funga mlango na ukae juu ya ndoo ya kimo hicho. Utajua papo hapo kama magoti yanagonga mlango. Angalia pia nyuma, maana ubavu wa boti umepinda, na kifuniko kikikosa nafasi ya kuegama hujiangukia chenyewe kila wimbi linapopita. Mwanamume atakayeudhika na jambo hilo na akae tu. Baharini kukojoa kwa kusimama ni uchafu kwa watakaofuata.

Panapostahili hofu ni maji ya bahari kuingia ndani. Choo hiki kina mipira miwili inayopita ubavuni, wa kuvuta maji wenye kipenyo cha takriban milimita 19 na wa kutoa wenye milimita 38, na bakuli mara nyingi liko chini ya usawa wa maji au karibu nao. Ukienda kaskazini kwa upepo wa kusi, au ukirudi kusini kwa kaskazi, chombo hulalia upande wa bara; choo kikiwa upande huo, kinazama zaidi chini ya usawa wa bahari, na maji yakishaanza kufuata mpira yanaendelea kujivuta yenyewe mpaka bakuli lifurike na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ijae. Tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya maji hupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika, na ni vigumu baharia kufua maji kwa kasi hiyo kwa ndoo kwa muda mrefu. Dawa ni kuupandisha mpira wa kutoa, pamoja na ule unaotoka kwenye pampu kwenda bakulini, upinde juu ya usawa wa maji hata chombo kikiwa kimelala, na kuweka valvu ya hewa kwenye kilele cha kila pindo. Koki za ubavuni nazo zifungwe kila mara baada ya matumizi. Fundi anayekuwekea bakuli zuri bila kuyagusa mapindo hayo amekupa nusu ya kazi.

Bakuli kubwa pia hutaka maji mengi zaidi ya kusukumia, na hapa ndipo tangi la kuhifadhia maji machafu linapoingia. Watu wanne, kila mmoja akienda mara tano kwa siku na kutumia lita tatu, wanajaza lita 60, ambazo ni zaidi ya kilo 60 za kuwekwa chini karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, si pembeni. Ghuba ya Mikindani ina mdomo mwembamba, na maji yakitoka, kina mama hushuka mwambani kuchokoa pweza. Sioni namna ya kumtazama mtu usoni ukiwa umemwagia uchafu mahali anapotafutia kitoweo. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unazitaka meli kubwa zimwage maji machafu yasiyosafishwa zikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti zetu ndogo hazimo katika sharti hilo, lakini mimi naona kipimo hicho kinatufaa.

Harufu inayolaumiwa choo mara nyingi hutoka kwenye maji ya bahari yaliyolala ndani ya mpira, ambamo vijidudu hufa na kuoza. Kusukuma maji baridi kabla ya kuiacha boti hupunguza harufu hiyo, na siki hulegeza ukoko mweupe unaoubana mpira wa kutolea.

Nahodha mmoja ninayemheshimu hunijibu kwamba haya yote ni anasa, na kwamba wazazi wetu walisafiri bila choo chochote. Ni kweli walisafiri, ila kina mama wengi walibaki pwani, na sidhani kwamba ni bahari waliyoiogopa. Atakayekubaliana nami aagize bawaba za kiti na valvu za mpira za akiba pamoja na bakuli, kwa kuwa hizo ndizo hufa kwanza, na mimi sijazikuta katika maduka ya Mtwara.