Enzi ya dhahabu ya Cavan: ubora wake au unyonge wa majirani?

Kaunti ya Cavan, iliyoko kaskazini mwa Jamhuri ya Ayalandi, imetwaa ubingwa wa jimbo la Ulster katika soka ya Kigaeli mara 40, na hakuna kaunti nyingine ya jimbo hilo inayoikaribia. Hata hivyo, mataji hayo hayakuja kwa mfululizo ulio sawa. Kati ya mwaka 1931 na 1949 Cavan iliutwaa ubingwa wa Ulster mara 17 katika misimu 19, ilhali tangu mwaka 1970 imeutwaa mara mbili tu, mwaka 1997 na mwaka 2020. Ubingwa wa Ayalandi nzima iliupata mwaka 1933, 1935, 1947, 1948 na 1952, na tangu mwaka huo wa mwisho haijacheza fainali tena.

Pengo hilo limezaa maelezo mawili yanayoshindana. Wako wanaosema kwamba Cavan ilitawala kwa sababu ilikuwa na wachezaji bora, viongozi bora na utamaduni uliokomaa mapema. Wengine wanasema ilitawala kwa sababu majirani zake wengi walikuwa wamefungwa mikono na historia, hasa na mpaka uliochorwa mwaka 1921, na kwamba mikono hiyo ilipofunguliwa, Cavan ilirudi kwenye nafasi yake ya kawaida. Hoja hii ya pili ina uzito mkubwa kuliko wapenzi wengi wa Cavan wanavyokubali, ingawa haitoshi kufikisha pale wanapotaka kuifikisha wale wanaoitumia kushusha hadhi ya timu zile.

Ni lazima kwanza ieleweke jinsi mchezo huu unavyoendeshwa, kwa sababu mjadala wote umesimama juu ya mfumo wake. Kila timu ina wachezaji 15, na mpira huchezwa kwa mikono na kwa miguu. Goli chini ya mwamba lina thamani ya pointi tatu, na kabla ya mwaka 2025 mpira uliopita juu ya mwamba, kati ya milingoti, ulikuwa na pointi moja tu. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa jozi ya namba, magoli kwanza na pointi baadaye. Wachezaji hawalipwi mshahara. Mtu huchezea klabu ya parokia yake, na kutoka hapo huitwa kwenye timu ya kaunti. Hakuna soko la wachezaji ambako kaunti tajiri inaweza kwenda kununua mshambuliaji. Kwa hiyo nguvu ya kaunti hutegemea watu waliopo nyumbani, shule wanazosoma na uhai wa klabu zao. Katika kipindi tunachokizungumzia, bingwa wa kila jimbo kati ya majimbo manne aliingia moja kwa moja kwenye nusu fainali ya taifa, jambo lililomaanisha kwamba aliyeitawala Ulster alikuwa mechi mbili tu kutoka kwenye Kombe la Sam Maguire, linalotolewa kwa bingwa wa Ayalandi.

Wanaotetea ukuu wa Cavan huanza na mwaka 1933, na wana haki ya kuanzia hapo. Kerry, kaunti ya kusini-magharibi yenye historia ya mataji isiyolingana na ya nyingine yoyote, ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa miaka minne mfululizo, kuanzia 1929 hadi 1932, na ilikuja kwenye nusu fainali katika uwanja wa Breffni Park, mjini Cavan, ikitafuta njia ya kuelekea taji la tano. Cavan ilishinda 1-5 kwa 0-5, kisha ikaishinda Galway kwenye fainali na kuwa kaunti ya kwanza ya Ulster kutwaa ubingwa wa Ayalandi. Miaka miwili baadaye, chini ya nahodha Hughie O'Reilly, iliifunga Kildare na kuutwaa tena ubingwa huo. Hawa hawakuwa majirani wanyonge. Walikuwa wababe wa majimbo mengine, na walipigwa.

Kisha inakuja fainali ya mwaka 1947, ambayo hadi leo haina mfano katika historia ya mchezo huu. Padre Michael Hamilton wa kaunti ya Clare alishinikiza ndani ya Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, kwamba fainali ya mwaka huo ichezwe New York, ili kuadhimisha miaka 100 tangu mwaka mbaya kuliko yote wa Njaa Kuu iliyoikumba Ayalandi katika miaka ya 1840 na kuwafikia maelfu ya Waayalandi waliohamia Marekani. Tarehe 14 Septemba, Cavan na Kerry zilikutana katika Polo Grounds, uwanja wa besiboli, mbele ya watazamaji 34,491. Joto lilikuwa kali, ardhi ilikuwa ngumu, na kile kituta anachosimamia mtupaji mpira wa besiboli kiliachwa vilevile uwanjani, hivyo wachezaji wakawa wanakipanda na kukishuka huku wakikimbizana na mpira. Kerry ilianza kwa kasi na kuongoza kwa tofauti kubwa. Cavan ilirudi kidogo kidogo, ikapata magoli kupitia Joe Stafford na Mick Higgins, huku Peter Donohoe akifunga pointi nane, kazi iliyowafanya waandishi wa New York wamlinganishe na Babe Ruth, nyota wao wa besiboli. Higgins mwenyewe alizaliwa New York kabla familia yake haijarudi Ayalandi, kwa hiyo goli lile alilifunga katika mji aliozaliwa.

Nyumbani, watu walikuwa wamekusanyika kwenye redio. Muda wa laini ya matangazo kuvuka bahari ulikuwa unaelekea kwisha kabla ya mechi kumalizika, na mtangazaji Michael O'Hehir aliomba papo hapo, hewani, aongezewe dakika tano. Laini haikukatwa. Cavan ilishinda 2-11 kwa 2-7. Hakuna anayeweza kuueleza ushindi huo kwa kutaja mpaka au sera za shule za Ulster. Siku hiyo timu mbili zilikutana ugenini, kwenye uwanja mgeni kwa zote mbili, na iliyotangulia kuzidiwa ndiyo iliyoshinda. Mwaka uliofuata Cavan ililitetea taji lake kwa kuifunga Mayo kwa tofauti ya pointi moja.

Nyuma ya ushindi huo palikuwa na mpangilio uliojengwa kwa miaka mingi. Palikuwa na chuo cha St Patrick's mjini Cavan, ambako vijana walifundishwa mchezo kwa nidhamu kabla hawajafikia umri wa kuichezea kaunti. Palikuwa na klabu kama Cornafean, ya mashambani kabisa, iliyoshinda ubingwa wa kaunti mara nyingi na kumtoa John Joe O'Reilly, ofisa wa jeshi aliyekuwa nahodha mwaka 1947 na 1948. Na palikuwa na urithi wa maarifa: Hughie O'Reilly aliyeongoza uwanjani mwaka 1935 ndiye aliyekuwa mkufunzi wa kikosi cha New York. Kaunti ambayo kizazi kimoja kinakifundisha kinachofuata kwa namna hiyo haipati mataji kwa kubahatisha.

Sasa tuutazame upande wa pili kwa uzito uleule. Jimbo la Ulster lina kaunti tisa. Mpaka wa mwaka 1921 uliziacha sita ndani ya Ayalandi ya Kaskazini, chini ya Uingereza, na tatu tu, yaani Cavan, Monaghan na Donegal, katika upande uliokuja kuwa Dola Huru ya Ayalandi, mtangulizi wa Jamhuri ya sasa. Katika zile sita, soka ya Kigaeli ilikuwa mchezo wa Wakatoliki wenye mwelekeo wa uzalendo wa Kiayalandi, ambao walikuwa wachache na walitazamwa na serikali yao kwa shaka. Familia zao nyingi hazikumudu karo ya sekondari, na sekondari ndiyo iliyokuwa kitalu cha wachezaji. Matokeo yanaonekana kwenye orodha ya mabingwa. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1945, hakuna hata kaunti moja kati ya zile sita iliyotwaa ubingwa wa Ulster. Mataji yote yaligawanywa kati ya Cavan na Monaghan.

Mwaka 1947, mwaka uleule wa Polo Grounds, ilipitishwa sheria ya elimu iliyofungua sekondari za Ayalandi ya Kaskazini kwa watoto wa maskini. Kijana aliyeingia sekondari mara baada ya sheria hiyo alikuwa na umri wa miaka 20 hivi katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1956 Tyrone ilitwaa ubingwa wa Ulster kwa mara ya kwanza, ikiifunga Cavan kwenye fainali. Mwaka 1958 ilikuwa zamu ya Derry, nayo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1959 Down, nayo kwa mara ya kwanza, iliichapa Cavan 2-16 kwa 0-7, na mwaka uliofuata ikaifunga Kerry na kuwa kaunti ya kwanza kuvusha Kombe la Sam Maguire hadi Ayalandi ya Kaskazini. Kaunti tatu ambazo hazijawahi kuonja ubingwa wa jimbo zilipoibuka ndani ya miaka minne, ni vigumu kusema kwamba ilitokea tu.

Kuna namba nyingine ambayo wapenzi wa Cavan huipita haraka. Yale mataji 17 ya Ulster yaliipeleka Cavan kwenye nusu fainali 17 za taifa, na katika hizo ilifungwa mara tisa. Ilifika fainali nane na kushinda nne, wakati Kerry, katika misimu ileile, ilitwaa ubingwa wa taifa mara saba. Kwa hiyo Cavan ilikuwa miongoni mwa kaunti bora za Ayalandi, lakini haikuwa mtawala wa Ayalandi. Nje ya jimbo lake ilishinda na kushindwa kama wakubwa wengine.

Je, hilo linamaliza ubishi? Kwa maoni yangu halimalizi, kwa sababu hoja ya mpaka ina nyufa zake. Ufa wa kwanza ni wa tarehe. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, kabla mpaka haujakuwepo, mabingwa wa Ulster walikuwa tayari Cavan na Monaghan peke yao. Antrim, yenye mji wa Belfast, ndiyo iliyotawala kabla ya hapo, ikishinda miaka sita mfululizo hadi 1913, na ilipoteza nafasi yake wakati jimbo lote lilikuwa bado chini ya utawala mmoja. Hii ina maana kwamba mpaka haukuiumba Cavan; uliikuta tayari imesimama, ukairefushia muda. Ufa wa pili ni kwamba Antrim ilirudi na kuifunga Cavan katika fainali ya Ulster ya mwaka 1946, Armagh ikashinda mwaka 1950 na Antrim tena mwaka 1951. Wachezaji hao hawakuwa zao la sheria ya mwaka 1947, kwani walikuwa wamekwishavuka umri wa kwenda shule. Mabadiliko yalikuwa yameanza. Sheria iliyapa nguvu.

Ufa wa tatu, ambao naona ndio mkubwa, ni kwamba Cavan haikuporomoka mara tu majirani walipoamka. Ilishinda Ulster mwaka 1962 kwa kuifunga Down iliyokuwa bingwa wa Ayalandi, ikashinda tena 1964 na 1967, na mwaka 1969 ikaifunga tena Down, ambayo kwa mara nyingine ilikuwa bingwa mtetezi wa taifa. Kama ukuu wake ungekuwa kivuli cha unyonge wa wengine tu, mataji manne ndani ya miaka minane, katika jimbo lililokuwa na ushindani wa kweli, yasingewezekana.

Kilichoimaliza Cavan, nadhani, kinapaswa kutafutwa nyumbani kwake pia, na wachambuzi wanaoshikilia hoja ya mpaka hukitaja kidogo mno. Kaunti iliyokuwa na watu zaidi ya 243,000 mwaka 1841, kabla ya Njaa Kuu, ilikuwa na takriban 66,000 mwaka 1951, na chini ya 57,000 miaka kumi baadaye. Mashamba yalikuwa madogo, kazi zilikuwa chache, na vijana walipanda meli kwenda Uingereza. Katika mchezo ambao huwezi kununua mchezaji, kila kijana wa miaka 20 anayeondoka ni pengo lisilozibika. Misiba nayo iliongeza: P.J. Duke, mmoja wa mashujaa wa New York, alifariki mwaka 1950 akiwa na miaka 25, na John Joe O'Reilly alifariki Novemba 1952 akiwa na miaka 34, wiki chache tu baada ya Cavan, ikiongozwa na Mick Higgins, kuishinda Meath katika fainali ya marudiano.

Hukumu hii ina matokeo kwa timu za leo. Kwa miongo mingi kila kikosi cha Cavan kimepimwa kwa kipimo cha 1947, kana kwamba wachezaji wa sasa wamepoteza kitu walichokabidhiwa. Wapo wanaosema kumbukumbu hiyo ni chakula cha moyo, na mwaka 2020 unawaunga mkono: Cavan ilishuka hadi daraja la tatu la ligi, ambayo ni shindano tofauti na ubingwa, katika vuli ileile ambayo, tarehe 22 Novemba, iliifunga Donegal 1-13 kwa 0-12 katika uwanja usio na watazamaji kwa sababu ya korona, na kuwa bingwa wa Ulster. Siwezi kuamini kwamba timu ya daraja hilo ingethubutu hivyo bila kujua imetoka kwenye kaunti ya namna gani. Lakini kwenye nusu fainali Dublin iliishinda 1-24 kwa 0-12, na mwaka uliofuata Cavan ilishuka tena, hadi daraja la nne. Kaunti ndogo inayokabiliana na jiji lenye watu zaidi ya milioni moja haiwezi kudaiwa taji la taifa kwa sababu babu zao walilipata, katika jimbo ambalo sita kati ya kaunti zake tisa zilikuwa zimebanwa na mpaka na karo, na kabla nusu ya darasa la shule ya kijijini halijaondoka kwenda London.