Mbu ni dawa ya mifugo? Marekani walisema ndiyo

Juzi jamaa mmoja kaniambia, tena kwa kujiamini, kwamba kiumbe aliyebadilishwa jeni akikaguliwa na mamlaka tatu basi ni salama mara tatu. Nikamuuliza kama ana habari za mbu wa Florida. Hana.

Basi na asome. Tangu 1986 Marekani wamegawa usimamizi wa bioteknolojia kwa FDA (mamlaka ya chakula na dawa), Wizara ya Kilimo na EPA (mamlaka ya mazingira). Sheria mpya hawakutunga. Zilezile za zamani zikanyooshwa mpaka zifike. Ikaja kampuni ya Oxitec na mbu dume ambao watoto wao hufa kabla ya kukomaa, wa kumpunguza Aedes aegypti, mbu anayeeneza homa ya dengi. Nani amkague? FDA, kwa kuwa jeni iliyopandikizwa kwa mnyama ilihesabiwa kuwa dawa ya mifugo. Mbu, jamani! Tena dume, ambaye hata haumi.

Agosti 2016 FDA wakatamka kwamba jaribio la mbu hao katika visiwa vya Florida Keys halitaleta athari kubwa kwa mazingira. Ungedhani yamekwisha. Oktoba 2017 FDA haohao wakasema mbu wa kupunguza mbu wenzake ni kiuatilifu, kwa hiyo ni kazi ya EPA. Kibali cha majaribio kikatoka 2020, mbu wakaachiwa 2021. Haya, kampuni nayo ilibadili aina ya mbu katikati, na wakazi wengine walipinga kwa kura. Lakini huko kuhamishwa ofisi kulimlinda nani, na dhidi ya nini?

Mtanitajia StarLink, mahindi yaliyobadilishwa jeni. Sawa, bila ukaguzi hatuendi popote. Mahindi yale EPA waliyaruhusu 1998 kwa mifugo tu, na mwaka 2000 yakakutwa kwenye chakula cha watu. Ila waliopeleka sampuli maabara ni wanaharakati. Mamlaka zote tatu zilikuwepo.

Gharama za kupita ofisi zote hizo nazo: kampuni kubwa huajiri mawakili, chuo kikuu hufungia utafiti kabatini.

Mimi nataka mwombaji apeleke faili mahali pamoja, na awepo mmoja wa kutia sahihi na kubeba lawama. Mamlaka wakigombania mipaka ya kazi, wagombane wao kwa wao, kwa muda uliowekwa. Trump aliwaamuru warahisishe utaratibu Juni 2019. Septemba 2022 Biden naye akawaamuru hivyohivyo. Amri ya kwanza ingekuwa imefua dafu, ya pili ingekuwa ya nini?