Ukienda Lamu, Chepuka Kipini

Wasafiri wengi wa Lamu hupita Garsen, wakapita Witu, wakafika Mokowe bila kujua kwamba mkono wa kulia wameiacha Kipini. Kwangu mimi hiyo ni hasara. Hapa ndipo Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unapomaliza mwendo wa kilomita kama 1,000 na kuingia baharini.

Wala haukuwa ukiishia hapa. Zamani mlango huu ulikuwa wa Mto Ozi, na Tana ulitokea mbali zaidi, upande wa kusini-magharibi. Karne ya 19 watu wakachimba mfereji wa Belazoni kuiunganisha mito hiyo, mitumbwi ipate njia fupi. Maji yakaupenda mfereji, yakaupanua, mpaka Tana ukahamia Ozi. Hebu fikiri, majembe ya mkono yamehamisha mto!

Huku Kipini na kijiji cha Ozi ndiko wenyeji wanakoonyesha kaburi la Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Waswahili wa kale. Husimuliwa kwamba alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Mji ukakaa na kiu, maana hakuna aliyethubutu kumsogelea maiti aliyelenga mshale. Ningetamani kila mtoto anayesoma Kiswahili asimame hapa walau mara moja. Tena ufukweni, upande wa mashariki, kuna magofu ya mji wa kale wa Ungwana na msikiti wake wa Ijumaa, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman aliyachimbua miaka ya 1950.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mpunga. Wakulima wa Ozi hungoja bahari ijae: maji ya chumvi yakipanda huyasukuma maji baridi ya mto, nayo yakafurika taratibu mashambani. Hakuna pampu, ni mwezi tu na bamvua lake, yale maji makuu ya bahari. Kilimo hicho chataka mto wenye nguvu. Tangu bwawa la Masinga, huko juu ya Tana, lianze kazi mwaka 1981, mafuriko yaliyolisha delta, yaani nchi tambarare ya mlangoni mwa mto, yamepungua, na mto ukinywea, chumvi ndiyo inayoingia mashambani, mpunga ukakauka na miembe nayo ikadhoofu.

Delta hii ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2012. Ni heshima kubwa, ila haimrudishii mkulima maji yake. Likizungumzwa bwawa jingine huko juu, wazee wa Kipini na Ozi waitwe kabla ya ramani kuchorwa, waulizwe mpunga unahitaji maji kiasi gani, na mwezi gani.