Nazi, Mercedes ya ami na kupambwa kwa dadangu

Gari la ami lilikuja Malindi kwa ajili ya harusi ya dadangu, mfungo mosi wa 2022, mwaka ule idi iliangukia mwanzo wa mwezi wa tano, masika yenyewe hasa, na hilo la masika lishikeni maana ndo lililotuponza. Ami anakaa Mombasa, ana Mercedes nyeusi yenye sanrufu pana, lile dirisha la kioo la paani, na analipenda hilo gari kushinda baadhi ya watoto wake, sisemi wepi. Akalileta mwenyewe, akanikabidhi ufunguo mbele ya mashahidi, kisha akasema yeye anasafiri Dubai kwa biashara zake na asipowahi harusi basi gari limwakilishe.

Mamangu kuliona tu akasema, "Gari jeusi hili, juani litaiva. Liweke kivulini."

Kivuli cha kwetu ni mnazi. Na mnazi wenyewe si wetu, umepandwa kwa jirani, mzee mmoja mvuvi, lakini ulivoinama kichwa chote kimekuja kwetu. Nikamwambia mama huo una nazi. Akanambia huo mnazi yeye aliukuta hapo alipoletwa bi harusi na mpaka leo haujamuangukia mtu. Na kweli, mtu haujamuangukia.

Alfajiri, kabla hata adhana haijaisha, tukasikia KPAA! Mi nilidhani ni transfoma. Kutoka nje, kioo cha sanrufu hakipo, kimekuwa punje punje kama chumvi ya Gongoni, punje kwenye viti, punje kwenye zulia, punje kwenye yale matundu ya viyoyozi, na katikati ya kiti cha nyuma nazi imekaa na maganda yake yote, haina hata mkwaruzo. Vioo vya gari vingi hutengenezwa makusudi vivunjike hivo, visiwe nyembe za kumchinja mtu, alhamdulillah, ila kuviokota sasa ndo balaa, kuna punje niliikuta ndani ya soksi yangu wakati bi harusi ameshapata mimba.

Tukiwa bado tumeduwaa jirani akachungulia uani. Mi nikajua anakuja kutupa pole. Akasalimia vizuri, akaliangalia gari, akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo nazi yangu nipeni."

Wee! Mamangu alivyomjibu siwezi kuandika hapa. Kwa kifupi alimwambia nazi iliyoingia kwake kwa kubomoa ni mateka. Akaitwaa, akaifua, akaipasua, akaikalia mbuzi akaikuna palepale uani mzee akimuangalia, na mchana tukala wali wa nazi. Sahani ya jirani ilipelekwa pia, lazima niseme, na ilirudi tupu.

Ami nikampigia Dubai. Akanyamaza, kisha akauliza, "Nazi?" Nazi, ami. "Kavu au dafu?" Kavu. "Aaah," akasema, mpaka leo sijui lingekuwa dafu angesemaje. Akanambia nijaribu bima. Bima wakataka abstrakti ya polisi. Kituoni afande akanisikiliza vizuri, akaandika, akauliza gari lililogongwa ni hili, sawa, aliyegonga je? Nazi. Iko wapi? Nikamuangalia. Akaniangalia. Nikamwambia tumeshaila, afande. Akaweka kalamu chini akaita wenzake waje wasikie.

Basi bima tukaachana nayo, tukakata kwenye bajeti ya harusi, mbuzi wawili wakasalimika, tukaanza kutafuta kioo. Kipya ni kuagiza nje na harusi iko mlangoni, kwa hivo tukatafuta cha mtumba, cha gari lililokatwakatwa Mombasa. Jamaa wa spea akataka namba ya chasi kwanza, na hapo alikuwa na akili, maana haya magari jina moja, sura moja, lakini mwaka ukibadilika kidogo kioo hakikai. Bei aliyonitajia nilikata simu nikapiga upya nikidhani mtandao umeongeza sifuri.

Kioo kikaja na matatu, kimefungwa blanketi. Makanga akakilipisha nauli kamili kwa sababu kimechukua kiti, na kwa sababu tangu zile sheria za Michuki za 2004 abiria wa matatu sharti afunge mkanda, basi na chenyewe kikafungwa mkanda. Kutoka Mombasa mpaka Malindi, kilomita kama mia na ishirini, kioo kimekaa dirishani na mkanda wake, abiria wengine mikanda wameikalia.

Fundi sasa. Fundi simtaji, ana watoto. Kusema haki kazi ya kioo chenyewe aliifanya vizuri. Tuliazima mashine ya kunyonya vumbi kwa binamu yangu anayefanya kazi kwa Mtaliano kule Casuarina, tukanyonya punje zote kwenye reli maana zikibaki humo kioo kikitembea zinakwaruza, akafunga skrubu na ile bisibisi ya nyota, akapitisha kiganja kuona kioo kimelingana na paa, safi. Angeishia hapo ningekuwa sina kisa.

Lakini akachungulia pembeni ya fremu akaona matundu. Kila pembe tundu. Akaniita, "Bosi, njoo uone, hapa ndo maji yangeingilia." Akatoa silikoni, ile ya kuzibia sinki za jikoni, akaziba la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akapangusa kidole akasema, "Hapa hata tone likipita nitalinywa." Tukamwaga ndoo nzima juu ya paa. Ndani pakavu kabisa. Watoto wakapiga makofi, fundi akalipwa na sahani ya pilau juu yake. Yale maji ya ndoo yameenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Usiku wa kuamkia siku ya kupamba ikanyesha mvua ya kufukuza vyura. Asubuhi nikapapasa viti, vikavu. Nikamsifu fundi kwa sauti, watu wakasikia.

Jioni anga imetakata, nyota zimeanza, tukampakia bi harusi. Mbele kushoto kaketi shangazi, dadake babangu, buibui limefunguliwa kidogo makusudi ili watu waone dhahabu. Nyuma bi harusi na somo yake, yule mama aliyemfunda, udi umewaingia mpaka mi dereva macho yanawasha, hina ya dadangu imekolea nyeusi, vipodozi vyake vimekula alasiri yote. Ukumbi uko barabara ya Lamu, si mbali. Kutoka nyumbani mtaani kwetu barabara ni ya vumbi na mi nilikuwa natambaa. Tukaingia lami. Nikakanyaga mafuta kidogo, bi harusi asichelewe zaidi ya alivyochelewa.

Tuktuk ikakatiza mbele yangu.

Nikapiga breki, na hapo kwenye taa ile ya darini ikamwagika kata nzima ya maji juu ya kichwa cha shangazi. Si tone jamani, kata! Shangazi akasema "Hhhhh!" akabaki mdomo wazi. Kwa kushtuka nikakanyaga mafuta, maji yakarudi nyuma, nikasikia dadangu anapiga ukelele, "Uso wangu! Uso!" Nikapiga breki tena, yakaja mbele. Shangazi kata nyingine.

"Endesha!" shangazi anapiga kelele.

"Simama!" bi harusi anapiga kelele.

Hapo ndo nikaelewa hesabu yenyewe. Juu ya vichwa vyetu kuna beseni limejaa mvua ya usiku kucha pamoja na ndoo ya fundi. Nikisimama anaoga shangazi. Nikienda anaoga bi harusi. Nikikata kona ya kulia maji yanakimbilia kushoto, ni shangazi tena. Nikikata kushoto yanakuja kwa dereva, naoga mi na kanzu yangu ya pasi. Kwa hivo la salama ni moja tu, mwendo mmoja, barabara iliyonyooka, bila mafuta bila breki, na barabara ya Lamu usiku wa Ijumaa, na mabodaboda, na matuta.

Tuta la kwanza nililiona kwa mbali. Nikasema, "Jamani tuta." Somo, mwanamke mzima huyo, ameshawaingiza maharusi wangapi ndani, akatoa mwavuli kwenye mkoba wake, akaufungua ndani ya Mercedes. Pyu! Ncha ikanigonga kisogoni. Bi harusi akajikunyata chini yake. Shangazi akaugeukia mwavuli kwa macho ya huruma, hakuna aliyemkaribisha, basi akavua leso aliyojitanda begani akaitandaza darini kwa mikono miwili, na dhahabu zote zile, akabaki amenyoosha mikono juu mpaka tunafika. Watu wa barabarani wakadhani anawapungia, wakampungia.

Kona ya kuingia ukumbini ilikuwa ya kulia. Nikamwambia, "Shangazi, kuna kona ya kulia." Akanambia kwa sauti ya taratibu kabisa, "Pita. Kazunguke uje kwa upande wa pili." Wallahi nilizunguka. Nikazungukia mbali kule, makusudi niingie kwa kushoto, nikaoga mi. Kanzu ikaganda kifuani.

Mlangoni vigelegele vimeshaanza. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, kwanza ukatoka mwavuli, usiku hauna mvua nyota tele, chini yake bi harusi mkavu kasoro ukope mmoja. Vigelegele vikasita, kisha vikapanda maradufu, nasikia harusi ya wiki iliyofuata huko Shella bi harusi mwingine naye aliingia na mwavuli, wakidhani ndo mtindo mpya. Akashuka shangazi. Pale mlangoni wamesimama wasichana na mrashi wa fedha wakiwarashia wageni marashi, na mmoja akamuinulia shangazi mrashi. Shangazi, maji yanamchuruzika puani, akamshika mkono. "Usijisumbue mwanangu, mi nisharashiwa."

Fundi nilimpigia usiku uleule kumkumbusha lile tone aliloahidi kunywa. Simu haikupokewa. Haikupokewa na kesho yake.

Aliyetutoa ni binamu yangu mwingine, anasomea mambo ya magari, alikuja harusini akakuta watu wanakausha Mercedes kwa makarai ya mkaa na mafeni. Akacheka mpaka akakaa chini. Akatwambia ile raba ya sanrufu haikuwekwa izuie maji yote, maji mengine yaingie tu, yakusanyike kwenye lile trei la fremu, halafu yale matundu manne ndo njia yake ya kutokea, kila moja lina mpira wake, ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele inatokea karibu na bawaba za mlango, ya nyuma inashukia nyuma huko kwenye magurudumu. Ati hata magari ambayo hayajaguswa na nazi yakivuja juu, mara nyingi kioo hakina kosa, ni matundu yamejaa taka. Mtu akasema tuite kompresa tupulize. Binamu akaruka, akasema upepo wa nguvu unachomoa mpira ndani ya bodi, ukichomoka umalize kwa kufumua dari nzima. Anataka kitu chembamba, kinachopinda, kisichotoboa.

Jirani alikuwa ameegemea ukuta wake anasikiliza. Akaingia kwake, akatoka na mshipi, ule mnene wa kuvulia samaki wakubwa. Hakusema kitu. Akakwangua silikoni kwa kijisu cha kuparia samaki, akaunguza ncha ya mshipi kwa kiberiti iwe butu, akaanza kuupenyeza polepole, kichwa amekiinamisha pembeni, anasikiliza kwa vidole, mvuvi huyo, yeye kuhisi kitu asichokiona chini ndo kazi yake miaka yote. Ukakwama. Akaurudisha, akauzungusha, akausukuma. Kwenye bawaba ya mlango wa dereva ikatoka silikoni, yakafuata majani yameoza, mchanga, na uchafu mweusi wa miaka ambao fundi wetu hahusiki nao hata kidogo, kisha maji pwaaa. Mama akamletea chai na mahamri mwenyewe kwa mkono wake.

Ami alikuja kulichukua gari harusi imeshapoa. Akalizunguka, akapapasa dari, akanusa, udi tupu, maana tulilifukiza usiku na mchana kuondoa harufu ya zulia bichi. Akaingia, akabonyeza kitufe, sanrufu ikafunguka yote, ikafunga. Akabonyeza tena.

"Hii tangu nimeinunua ilikuwa ikifika nusu inakwama," akasema. "Na mvua ikinyesha zulia la mbele lilikuwa linatota, Mombasa mafundi wote wamekula pesa yangu. Huyu fundi wenu ni nani? Nipe namba."

Nikamwambia ami, namba yake haishiki saa hizi, yuko baharini.

"Anafanya nini baharini?"

"Anavua."

Ami akanikazia macho kupitia kile kioo cha pembeni, akawasha gari.

"Akirudi na changu, nitumie kilo tatu. Wafunge mkanda."